Vidole vya Bwana Lathrop

Bwana Lathrop aliacha kusoma katikati ya sentensi, na hakuna aliyeshtuka.

Alikuwa amesimama karibu na dirisha, theluji ikianguka nyuma yake, miwani imeshuka puani, karatasi mkononi. Wahariri walikuwa wamekaa juu ya meza zao na vikombe vya juisi ya tufaha ya moto, wakisubiri. Kwa watu wa chumba kile, kimya hakikuwa na maana yoyote. Ndiyo hewa tuliyovuta tangu asubuhi hadi jioni. Mimi tu nilijua kwamba mzee yule hakuwa amenyamaza ili tumsikilize vizuri. Alikuwa anazama.

Nilikuwa nimekwenda kufanya kazi katika nyumba ile ya kuchapisha kamusi ya Kiingereza, mjini Ashbrook Falls, kwa sababu ya kimya hichohicho. Nilikuwa nimetoka chuoni, na nilikuwa aina ya msichana anayezunguka mtaa mzima ili asisalimiane na muuza magazeti. Mama alicheka niliposimulia. "Halina, kazi gani hiyo watu hawaongei? Unakwenda utawani?" Nikamwambia ni karibu na hivyo. Ghorofa ya wahariri ilikuwa na amri moja ya tangu zamani: hakuna kusema. Mwenye swali aliliandika kwenye kikaratasi akakiacha mezani kwa mwenzake. Simu ilikuwa moja, ndani ya kijichumba chenye mlango mzito. Na kwa kuwa maana za neno hupewa namba katika kamusi, mtu aliyetaka kujua ni maana ipi unayoishughulikia alikutazama tu, nawe ukainua vidole.

Meza yangu ilitazamana na ya Everett Lathrop. Yeye aliandika aya za visawe, yale maneno ambayo wengi huyaona kuwa kitu kimoja, na kazi yake ilikuwa kuonyesha kwamba si kitu kimoja. Alizitandaza sentensi zilizokusanywa kutoka vitabuni na magazetini, akazigawa mafungu kama mcheza karata. Kisha alitoa neno katika sentensi na kuweka kisawe chake mahali pake. Sentensi ikilalamika, mpaka wa maneno mawili uko hapo. Nilimwona akikaa na sentensi moja asubuhi nzima, akiisikiliza.

Ilianza kwenye ngazi za nyuma, zinazotazama mto, ambako tuliruhusiwa kuongea wakati wa chakula.

"Mtazame yule," akaniambia siku moja. "Yule pale, aliyesimama majini kwa mguu mmoja."

"Korongo?"

"Korongo," akasema, akacheka, akarudi kwenye mkate wake wa jibini.

Kisha ikawa kijiko. Kisha kofia, iliyokuwa kichwani pake. Majani yalipoanza kugeuka rangi nilikuwa nimezoea kumpa maneno polepole, bila kumtazama, kama unavyomsogezea mtu chumvi.

Kule juu hakuna aliyejua. Mahali ambapo watu hawasemi, mtu anaweza kupoteza maneno yake moja baada ya jingine na wenzake wakamsifu kwa utulivu. Aya zake zilikuwa safi kwa sababu alizinakili kutoka toleo la zamani, alilolihariri yeye mwenyewe akiwa kijana. Gus Pelletier wa meza ya wanyama na mimea aliniachia kikaratasi: "Lathrop siku hizi hana kejeli. Umri umemfanya mtu."

"Unajua," Bwana Lathrop aliniambia kwenye ngazi, baridi ilipokwisha kuingia.

"Najua."

"Basi usiwaambie. Si kabla ya siku ya juisi."

Siku ya juisi ndiyo siku pekee amri ilipovunjwa. Herufi ya kamusi ikimalizika tulikunywa juisi ya moto na kula donati, na mwandishi wa visawe alisimama akasoma aya yake ya mwisho kwa sauti. Herufi L ilikuwa inaelekea ukingoni.

"Nataka nisome, nikae, halafu niende kwa Corinne nikaage mwenyewe," akasema. Bi Corinne Thibodeau alikuwa mhariri mkuu. "Sitaki kutolewa kama kabati bovu. Na nikikwama mbele yao watanihurumia mpaka nife. Nawajua. Ni watu wema mno."

"Nikusomee mimi?"

Akanitazama juu ya miwani. "Wewe? Wewe uliyeshindwa kumwambia Gus kwamba amekalia koti lako?"

Kwa hiyo tukafanya mazoezi. Tulishuka chini kwenye tanuri linalopasha jengo joto, tukasimama katikati ya makabati ya zamani, tukasoma pamoja kama watoto wa shule. Aya ilikuwa ya neno lonely na visawe vyake, maneno manne kwa jumla, na alikuwa ameyapa kila moja vidole vyake ili mkono ukumbuke pale ulimi unaposahau. Kidole kimoja, alone: aliye peke yake tu, basi, hana raha wala shida nalo. Viwili, solitary: aliyechagua kukaa hivyo. Vitatu, lonely: anayemhitaji mtu. Vinne, forlorn: aliyekwisha kuacha hata kungoja.

"Sauti, binti," alinikemea. "Tanuri linakushinda."

Ndipo siku ikafika, na Bwana Lathrop akapita la kwanza na la pili bila kujikwaa, na kwenye la tatu akasimama. Macho yake yalikuwa kwenye karatasi, lakini hayakuwa yanasoma. Wenzangu walikunywa juisi. Mtu alitafuna donati taratibu. Nikaona mkono wake wa kushoto, ulioshuka pajani, ukinyoosha vidole vitatu.

Nakumbuka niliweka kikombe juu ya vikaratasi vya mtu mwingine, na kwamba njia kutoka mezani kwangu hadi dirishani ilikuwa ndefu isivyostahili. Nilisimama ubavuni pake nikaanza, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ya chini kwenye tanuri, kubwa kupita kiasi.

"Lonely ni neno la anayemhitaji mtu," nikasoma, na hapo akaingia naye, "hata kama chumba kimejaa."

Tukaenda pamoja hadi mwisho.

"Lathrop," Gus akasema, "umefungua kwaya?"

"Nimefungua. Lakini wewe una sauti ya chura, usijisumbue."

Wakacheka wote, isipokuwa Bi Corinne.

Baada ya vikombe kuondolewa na amri kurudi, alikuja mezani kwangu. Hakuandika chochote. Aliinama akauliza kwa sauti, chini chini, "Tangu lini?"

Ng'ambo ya meza Bwana Lathrop alikuwa anachonga penseli ambayo ilikuwa tayari kali.

"Atakuambia mwenyewe, Bi Corinne," nikasema. Vichwa viliinuka chumba kizima. "Tafadhali. Mpe mpaka kesho."

Akarudi ofisini kwake. Kesho yake Bwana Lathrop aliingia mle akafunga mlango, na theluji ilipoyeyuka aliondoka kwa miguu yake, akiwa amebeba kisanduku cha penseli.

Sasa anaishi kwa dada yake, katika nyumba yenye dirisha linalotazama mto uleule. Mimi ndiye ninayeandika aya za visawe, na Jumapili huwa naenda kumwona. Jina langu lilimpotea mwaka jana. Mengi mengine yalitangulia.

Jumapili iliyopita dada yake alikuwa ametoka. Nilimkuta kwenye kiti chake, blanketi magotini.

"Uko peke yako leo?" nikamuuliza.

Alifikiri. Midomo ilitafuta, ikaacha. Kisha akainua kidole kimoja, kwa uangalifu, kama mtu anayesahihisha kazi ya mwanafunzi.

"Sawa," nikasema. "La kwanza tu."

Tulikaa tukautazama mto. Nilimsimulia kwamba tumefika herufi S, kwamba Gus anaumwa mgongo. Mwanga ulipoanza kupungua nikavaa koti, nikambusu kipajini, nikaenda mlangoni.

Sijui kwa nini niligeuka. Hakuwa ananitazama. Alitazama dirisha, na mkono ulikuwa juu ya blanketi, vidole vitatu vimenyooka.

Nikabaki nimeshika kitasa, nikingoja kuona kama kuna cha nne. Hakikuja. Nikavua koti.