Moto Walimnyima, Maji Walimwachia

Daftari la sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji cha Zagayu, lilikuwa na sheria kumi na nne katika ukurasa wa kwanza, zote kwa mwandiko wa Mwalimu Athanasi, katibu wao, na zote zilihusu mambo yaliyokwisha kutendeka: aliyeiba, aliyepiga, aliyesikia mwano wa kuomba msaada akabaki kitandani. Hapakuwa na sheria hata moja juu ya jambo ambalo huenda lingetokea. Kwa hiyo Jumanne ile, Jilala aliposimamishwa mbele ya mkutano, Athanasi alifunua daftari, akalisoma lote, akalifunga bila kusema neno. Jilala alikuwa mume wa dada yake, Scola, naye hakutaka ionekane kwamba anamtafutia shemeji yake upenyo wa kutokea.

Shitaka lenyewe halikuwa na utata. Josho la kijiji lilikuwa limekauka tangu serikali ilipojitoa kulipia dawa na wafugaji kuambiwa wajitegemee. Kupe wakastawi. Jilala alizika ndama tisa katika msimu mmoja. Wakati huohuo wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wakileta dawa ya wadudu, nayo iliuzwa gulioni kwa kupimwa kama mafuta ya taa. Jilala akafanya alichoona kuwa ni akili: aliichanganya dawa ya pamba na maji, akawaosha nayo ng'ombe wake. Kupe walipukutika. Kisha ng'ombe hao, migongo ikiwa bado mibichi, waliteremka lamboni kunywa, wakazama hadi tumboni kama ilivyo desturi ya ng'ombe. Kijiji kizima kilichota maji katika lambo hilo.

Hakuna aliyeugua. Ni vyura tu walioonekana wakielea kando ya matete, matumbo juu. Athanasi aliwaona kwa macho yake, na kwa siku mbili usiku alikosa usingizi akijiuliza kama chura ni ushahidi.

Jilala hakukana lolote. Alimgeukia Athanasi kwa utani wa mashemeji, ingawa uso wake haukuwa na utani.

"Mulamu, umefundisha hesabu miaka ishirini. Wahesabie hawa. Nani amekufa?"

Mashimba, mtemi wa sungusungu, ndiye aliyejibu. "Fisi akionekana zizini hatungoji ale ndama ndipo tupige mwano."

"Fisi hana kazi nyingine zizini," Jilala alisema. "Mimi nilikuwa na kazi."

Athanasi aliona kwamba wote wawili walikuwa na hoja, na kwamba mkutano ulikuwa umechoka kusikia hoja. Alikuwa na swali moja la kuuliza: je, adhabu hiyo itaondoa hatari, au itaondoa hasira tu? Hakuliuliza. Aliamini kwamba ukimya wa ndugu utaitwa haki, na hakukosea, uliitwa hivyo. Kura ikapigwa, naye akaandika alichoamriwa: Jilala na kaya yote ya mji wake wametengwa hadi mwisho wa mavuno. Asisalimiwe. Asipewe moto. Mwano ukipigwa mjini kwake, asiende mtu. Atakayevunja amri, naye atatengwa.

Mzee mmoja akauliza kuhusu maji. Hapo mkutano ulikwama. Lambo lilichimbwa kwa mikono ya wote, baba yake Jilala akiwamo, na tangu siku hiyo ilikuwa imekubaliwa kwamba maji yake hayanyimwi mtu wala mnyama. Hakuna aliyethubutu kuvunja mwiko huo. Basi Jilala alinyimwa kila kitu isipokuwa kile alichoshitakiwa kwacho. Kesho yake ng'ombe wake waliteremka lamboni kama kawaida, wakinuka dawa, na akina mama waliwapisha.

Wiki ya tatu, jua likiwa la utosi, watu wakiwa mashambani kupalilia pamba, mwano ulipigwa. Ilikuwa sauti ya Scola. Jilala alikuwa amekwenda mnadani Bariadi. Moshi ulionekana juu ya mji wake, mweusi kwanza, kisha wa njano, na kila aliyewahi kuezeka nyumba alijua kuwa ni nyasi za paa.

Watu wapatao sabini walisimama na majembe yao. Hawakuutazama moshi. Walimtazama katibu wao, ambaye mkono wake ndio ulioandika. Athanasi alisimama nao kwa muda ambao baadaye hakuweza kuukadiria, na kushindwa huko kulimsumbua kuliko yote yaliyofuata. Kisha akatupa jembe, akakimbia.

Nyumba ya jiko ilikuwa imekwisha kuteketea. Scola, mtoto mgongoni, alikuwa akinyofoa nyasi za paa la nyumba kubwa, ambako cheche zilikuwa zimeanza kutua. Walipiga moto kwa matawi mabichi, kaka na dada. Hawakuushinda. Upepo uligeuka ukaelekea upande wa zizi tupu, na jiko likajiangukia lenyewe. Athanasi aliungua shati. Scola hakuungua, wala mtoto.

Jumamosi mkutano uliitwa tena, mshitakiwa akiwa katibu. Athanasi aliomba aendelee kuandika, kwa kuwa hapakuwa na mwingine mwenye mwandiko wa kusomeka. Walikubali. Safari hii aliuliza swali lake.

"Mtemi, upepo usingegeuka, dada yangu na mtoto wangeungua, nasi tukiwa tumesimama na majembe. Hatari hiyo tuliitengeneza hapahapa, kwa kura. Nayo tuiandikie adhabu gani?"

Mashimba hakuwa mtu mbaya. Naye alikuwa na mabinti walioolewa katika miji ya wenzake.

"Mwalimu," alisema, "hayo ni ya kufikirika tu. Nani amekufa?"

Pale mkutanoni hakuna aliyeonekana kukumbuka kwamba alikwisha kuyasikia maneno hayo. Athanasi aliyaandika yalivyo, akaandika na jina la msemaji. Kisha akaandika kwamba Athanasi, katibu, ametengwa hadi mwisho wa mavuno, akapiga mstari chini yake na kukabidhi daftari.

Aliyetengwa huchota maji baada ya wengine wote. Jioni hiyo alimkuta Scola ukingoni mwa lambo, ndoo mbili zikiwa tupu, akiwatazama ng'ombe wa mumewe wakipanda kutoka majini. Kwenye matete kulikuwa na kitu cheupe kikielea. Huenda kilikuwa chura. Huenda ilikuwa pamba tu.

"Kaka, wewe umesoma," Scola alisema. "Maji haya yana neno?"

"Sijui."

Scola alimsogezea ndoo. Athanasi alikunja suruali, akaingia hatua tatu mbele ya mahali walipokanyaga ng'ombe, akazijaza ndoo zote mbili. Mahali pengine pa kuchota hapakuwapo.