Kitenge cha Uchaguzi Uliopita

...basi ushushe huo mkono, Mama Chisemphere, ushushe tumalize, king'ora kinasikika ng'ambo ya kilima lakini hata vumbi halijaonekana, na wewe umeshauinua mkono juu na kutuonya kwamba ukiushusha tu nianze, mimi kwanza halafu wenzangu waitikie, mwenyekiti wa akina mama wa chama, kitenge kipya, kilemba kipya, na sisi tumesimama kwenye uwanja huu wa shule tangu alfajiri bila hata chai, maana sukari nani anayo, na yale mabasi yaliyotuleta yananguruma pale nyuma ya vyoo tangu tulipofika, madereva wamesema wakizima hayatawaka tena, dizeli inachomwa bure hivihivi, na pale kituoni watu wanalala na madumu yao, ambulensi ya zahanati imekaa wiki nzima haina tone, lakini mafuta ya kuleta wanawake kukata viuno mbele ya rais, hayo yamepatikana, hayo hayajawahi kukosekana... na jua hili, na hiki kitenge kinaniwasha, nimekivaa ndani nje kwa amri ya mwenyekiti, uso wa rais umegeukia mapaja yangu, kaa hukohuko mzee, angalia mwenyewe nilivyokonda, kwa sababu mimi peke yangu ndiye niliyekuja na kitenge cha uchaguzi uliopita, kile chenye uso wake wa ujana na maneno yamezunguka ukingoni, Ghala Litajaa, rangi yote imekwenda na maji isipokuwa hayo maneno, sijui waliyapiga kwa wino gani, na hiki kipya tulichogawiwa nilikipeleka kwa Nasibeko muuza unga, nikarudi na beseni la unga, mwingi ule unga, mweupe, wanangu walikaa wakautazama kwanza kabla sijausonga, walikuwa wamezoea nsima, ugali wa pumba tupu, na Mama Chisemphere aliponiona asubuhi alinivuta pembeni na kuniuliza kama nina akili, nikamwambia kile kipya kimelowa, akasema geuza hicho ndani nje au panda basi urudi, na angenirudisha kweli kama sauti ya kuanzisha wimbo isingekuwa yangu... wimbo wenyewe kautunga nani sijui, katuletea jana, asante baba mbolea umeishusha bei, asante baba watoto wameshiba, niuimbe mimi huo, kwa koo hili, mimi ninayenunua mafuta ya kupikia kwenye kijifuko cha nailoni chembamba kama kidole cha mtoto, nakitoboa kwa sindano ili yasitoke mengi, sabuni tunakata kipande kwa uzi, chumvi tunapimiwa kwa kijiko, halafu nisimame niseme wameshiba. Falesi ananigusa kiwiko, dada wa mume wangu, yeye mkono wa Mama Chisemphere kwake ni kama mkono wa padri, ananinong'oneza kwamba kosa si la rais, ni vita vya huko mbali vimepandisha mbolea, ni kimbunga, na mimi najiuliza kimbunga kipi, kile kilipita kusini, Mungu awasaidie wale watu, lakini huku kwetu hata jani la mgomba halikupasuka, ila tangu siku hiyo kila kitu ni kimbunga, mbolea kimbunga, dawa kimbunga, noti zikipoteza thamani ni kimbunga, miaka hii yote kimbunga kimemfaa kuliko mawaziri wake wote... barabara kaijenga, sikatai, lami nzuri nyeusi, sikatai hata kidogo, watoto wanaanikia mihogo pale maana magari hayapiti, mafuta hakuna, na ndiyo barabara iliyomchukua Zakeyo, mume wangu, alisimama palepale na begi lake mahindi yalipogeuka manjano yakiwa kimo cha goti, akasema anakwenda Joni, huko Afrika Kusini, msimu mmoja tu, apate ya mbolea arudi, na huu ni msimu wa pili, simu haiiti... hatukupata mbolea ya ruzuku kwa sababu sikuhudhuria mikutano, alinieleza mwenyewe Mama Chisemphere akiwa amekaa juu ya magunia, juu yake kabisa, akasema ya serikali hii ni kwa wanaoipenda serikali hii, na mwaka huu ameniahidi, imba vizuri Mama Tiyanjane, la kwanza likishushwa ni lako, na mvua haiko mbali, shamba nimeshalilima, matuta yako wazi yananisubiri. Falesi anazijua hesabu zangu zote, ananiambia taratibu, macho mbele.

"Wifi, imba tu. Kuimba si kupiga kura. Ukishaingia kule kwenye kijichumba na karatasi yako, nani atakuona?"

Na anasema kweli, hilo ndilo linaloniuma, kweli kabisa, wote hapa tunaimba hivyo, mama yangu aliimba hivyo kwa yule rais mzee wa zamani aliyekuwa hang'oki madarakani, unafungua mdomo unafunga moyo, magunia yanashuka, unapanda, unavuna, ni kazi kama kazi nyingine, basi nitaimba, nitaimba wameshiba, na rais atakaa pale chini ya turubai na chupa yake ya maji baridi, atanisikia, atawageukia waandishi wa habari awaambie mmewasikia wenyewe, sijawatuma mimi... ndivyo atakavyosema, na kweli sauti itakuwa yangu, redioni itasikika, wanangu wataisikia kwa jirani wakiwa wanakwangua sufuria... hapana. Hapana, hilo siliwezi, hata kwa gunia... nyamaza basi, nikinyamaza je, atanisukuma nyuma aanze mwingine, Falesi mwenyewe ataanza, tena kwa furaha... vumbi hilo, vumbi limeonekana kule kwenye mikaratusi, wanawake wanajifunga vitenge upya, nyuso za rais zinacheza kila mahali, viunoni, mabegani, kwenye makalio ingawa tumekatazwa, amenona usoni huyu, kwenye changu alikuwa na mashavu ya mtu anayekula kama sisi, nilimpenda, kwa nini nikatae, nilimpenda kweli, wimbo wa mwaka ule niliutunga mimi mwenyewe nikitwanga, baba anakuja, ghala litajaa, litajaa mpaka mlango usifunge, na wao wanaitikia usifunge, usifunge, ulienea wilaya nzima, mpaka kwenye misiba watu waliuimba, naye alipousikia alishuka jukwaani akacheza nami, akanitunza noti kwenye paji la uso, akaniambia mama, huo wimbo nitakukuta nao tena... nitakukuta nao tena. Ngoja. Alisema hivyo, mbele ya watu wote. Na ni nani hapa asiyeujua, Nasibeko anaujua, Falesi anaujua, hawa wote nyuma yangu miguu yao inaujua, nikianza tu baba anakuja midomo itafunguka yenyewe kabla kichwa hakijafikiri, usifunge, usifunge, wanawake uwanja mzima na mashavu yaliyoingia ndani, na yeye atasimama kucheza na katikati ya hatua atasikia anachochezea, nitakuwa nimekosa nini hapo, sijamtukana, nimemsifu kwa ahadi yake mwenyewe... gunia sitapata. Najua. Mama Chisemphere si mjinga, atajua kabla ya ubeti wa pili, na matuta yangu yatakaa hivyo, mahindi yatageuka manjano tena kimo cha goti, na naogopa, lakini mwaka jana pia sikupata na nilikuwa nimenyamaza. Nafungua fundo la kitenge, nakigeuza, nakifunga upya, uso wake wa zamani mbele, maneno ukingoni yanasomeka vizuri, na Falesi anashika mdomo.

"Wifi, unafanya nini?"

"Navaa vizuri. Mgeni anakuja."

King'ora kiko getini sasa, mkono bado uko juu, haya, ushushe, Mama Chisemphere, ushushe.