Mizani Iko Ukurasa wa Nyuma

Mwaka 1947, Likoni nzima hapakuwa na mtu aliyeandika barua tamu kama Boga, mweka hazina wa chama cha wakulima wa minazi. Wala hapakuwa na mtu ambaye barua zake zilikosa majibu kama yeye.

Chama kilitaka ruhusa ya ofisi moja kule kisiwani, kitoe shilingi mia mbili katika akiba yake kinunue mizani. Mizani ya tajiri aliyenunua mbata, zile nazi zao zilizokaushwa, ilikuwa ikiwapunja wakulima mchana kweupe. Boga alikuwa ameandika mara mbili, kimya. Sasa wanachama walikuwa wamempa mwezi mmoja: jibu lisipokuja, aache kazi. Wengine walianza kunong'ona kwamba fedha zenyewe ameshazila. Neno hilo lilimuuma hata wali ukamshinda, yeye ambaye hakuwahi kuuacha sahanini.

Akaandika barua ya tatu, akamsomea mkewe, Mwanasaumu, aliyekuwa amekalia mbuzi anakuna nazi. Aliwasalimu mabwana wa ofisi, wake zao na watoto wao. Akashukuru kwa mvua. Akaarifu kwamba huku wote ni wazima, ila mwenyekiti, Mzee Mwarandu, anaumwa goti. Mwanasaumu akamaliza kifuu cha kwanza. Akamaliza na cha pili.

"Baba Nyamvula, nazi imekwisha. Mizani iko wapi?"

"Iko ukurasa wa nyuma," Boga akajibu kwa fahari.

"Na huyo bwana wa ofisi, una hakika huigeuza karatasi?"

Boga akaigeuza karatasi yake, akaitazama. Marehemu baba yake alimfundisha kwamba barua ni adabu kwanza. Aliona aibu, kisha akaona hasira, kisha akachukua karatasi mpya.

"Chama chetu kina akiba ya shilingi mia sita. Tunaomba ruhusa ya kutoa mia mbili, tununue mizani ya mbata kabla ya mwezi ujao. Wanachama wote arobaini wamekubali, na majina yao yako hapa chini."

"Haina hata salamu," akalalamika.

"Tia moja. Moja tu!"

Jibu lilifika siku ya tisa.

Mkutanoni, Boga alianza kwa kuwasomea wanachama nakala ya barua aliyopeleka. Mzee Mwarandu akagonga bakora chini. "Hii ndiyo barua? Watatuona hatukulelewa! Hata goti langu hukulitaja!"

Watu wakaguna. Boga akaogopa kweli. Kisha akakunja karatasi, akamwendea mzee.

"Shikamoo, mzee wangu. Goti laendeleaje leo?"

Akawasalimu wote arobaini, mmoja mmoja, na watoto wao, na mvua pia hakuiacha. Hapo ndipo alipotoa jibu mfukoni, akasoma: ruhusa imetolewa, mizani inunuliwe.

Mzee Mwarandu akanyoosha goti lake taratibu.

"Mweka hazina," akasema, "hebu tusomee tena ile barua yako. Ile fupi."

Boga akaisoma, na safari hii hakuna aliyeguna.