Maana ya Mikono Iliyofungwa

Jumanne saa tisa, katika chumba cha nyuma cha parokia moja ya Bunia, Mwalimu Floribert aliandika ubaoni msemo wa kumi na mbili wa Kiingereza: mikono yangu imefungwa. Akajipangusa chaki kwenye suruali, akawaonya wanafunzi wake kama alivyowaonya kila Jumanne.

"Misemo ya Kiingereza musiishike neno kwa neno. Muntu anasema mikono yangu imefungwa, kumbe mikono yake iko muzuri tu. Maana yake: siwezi. Muandike."

Wakaandika. Walikuwa tisa, watu wazima wote. Ulikuwa mwaka wa nne wa vita, na wengi walitaka kazi kambini kwa wageni, wale waliotumwa Bunia kuangalia vita. Mama Léonie, fundi wa cherehani, hakutaka kazi. Alikuwa anajifunza kwa ajili ya dada yake, Hélène, aliyekwama na watoto wanne kijijini, mbele kidogo ya Bogoro. Hélène alikuwa ametuma maneno kwa redio ya misheni: watu wenye silaha wameonekana mtoni mara mbili, mututumie gari. Na magari yaliyoweza kupita njia ile yalikuwa ya wageni peke yao. Kilometa zenyewe hazifiki thelathini. Ukibandika maharage, gari linakwenda na kurudi kabla hayajaiva.

Alhamisi asubuhi Léonie alikwenda kambini. Getini walimchukulia makasi yake ya kazi, wakampa kikaratasi. Mkubwa wa kambi alimpokea vizuri, na karani wake, Papa Delphin, mtu wa Bunia, akamletea kiti. Léonie alisema Kiingereza chake chote bila kukosea: dada, watoto wanne, mto, gari moja, tafadhali. Mkubwa alisikiliza hadi mwisho. Akasikitika. Akasema mikono yake imefungwa.

Ilikuwa imefungwa kweli. Kamba ya mkonge, mizunguko minne, fundo juu ya saa yake. Delphin alimnywesha kahawa, akampangusa mdomo. Ndiyo kazi yake ya kila siku. Léonie naye hakushangaa, ila alimkasirikia kidogo Mwalimu Floribert, aliyewafundisha uongo. Kisha akasogeza kiti. Alikuwa fundi kwa miaka kumi na saba, na fundo ni fundo.

"Ruhusa, mkubwa," alisema, akaanza kulifungua.

Fundo halikuwa gumu. Lakini kila alipolegeza mzunguko mmoja, kamba ilivutwa tena. Akaifuata kwa vidole, taratibu, kama anayetafuta uzi uliokatika, mpaka akafika kwenye ncha. Ncha ilikuwa ndani ya ngumi ya mkubwa mwenyewe.

Léonie alimwomba aachie, kwanza kwa Kiingereza. Halafu hasira ikampanda, na Kiingereza kikamwisha.

"Achilia, Papa! Ni weye unaishika! Achilia!"

Delphin akakohoa. Mkubwa aliitazama ngumi yake kwa heshima, kana kwamba ni mali ya serikali, wala hakuifungua. Badala yake alimwahidi mama huyu kwamba kambi itaweka jicho kijijini kwa dada yake. Akainamisha kichwa, na Delphin akamtoa jicho la kushoto, akalifunga katika leso safi, akampa dereva.

Alasiri ile ile gari likaenda. Ndiyo, lilikwenda! Lilikwenda na jicho, likarudi tupu. Maharage ya Léonie hayakuwa yameiva.

Yaliyofuata yalisimuliwa na Mama Vahwere, jirani ya Hélène, aliyefika Bunia kwa miguu siku tisa baadaye, kanga moja mwilini na kandambili za rangi mbili. Alisimulia akiwa amekaa chini kwa Léonie, miguu ndani ya beseni la maji ya vuguvugu. Jicho lilitundikwa juu ya mlingoti wa bendera wa shule. Watu walifurahi. Watoto walilipungia mkono kila asubuhi, nalo liliwafuata polepole, huku na huku. Jumapili, wenye silaha walipotokea, kijiji kizima kilikimbilia chini ya mlingoti, maana nani atathubutu kuua mtu mbele ya jicho la wakubwa? Hélène alimfunga mtoto wake mdogo mgongoni, akasimama mbele kabisa, ili aonekane vizuri.

"Tulisema mwenye macho haambiwi tazama," alisema Mama Vahwere. "Na kweli, hatukuliambia. Lilitazama lenyewe. Mpaka mwisho."

Waliuawa watu thelathini na mmoja. Hélène na watoto wake wanne wamo. Idadi ni ya hakika, kwa sababu jicho lilihesabu. Jumatatu gari lilikwenda tena kulichukua. Likaoshwa majivu kwa maji ya chumvi, likarudishwa mahali pake, na ripoti ikaandikwa: saa, mapaa yaliyoungua, rangi za mashati. Loo, ripoti ile! Haikuwa na kosa hata moja. Wakubwa wa mkubwa walimpongeza.

Jumanne ya kwanza baada ya matanga Mwalimu Floribert alitoa mtihani. Swali la nne: mikono yangu imefungwa, toa maana. Léonie aliandika neno moja: Sitaki.

Floribert alikuwa amekaa matangani kwa Léonie siku tatu, alijua kila kitu. Kalamu nyekundu ilimkaa mkononi muda mrefu. Mwishowe akaweka msalaba, kwa sababu kitabu cha majibu kiliandika: Siwezi. Akampa tisa kwa kumi, na alipomrudishia karatasi hakumtazama usoni.

Wiki moja baadaye Papa Delphin alikuja kwenye cherehani na kipande cha kamba mfukoni. Kamba zilikuwa zinawachubua wakubwa, alieleza. Kambi ilitaka vitambaa laini vya pamba vya kuzungushia vifundo vya mikono, jozi arobaini.

"Ni weye tu uliona ile kamba karibu, Mama Léonie. Unajua vile inapita. Usikatale, tafadhali."

Léonie alikuwa na makasi mkono wa kulia na kipande cha kitenge mkono wa kushoto. Aliinua mikono yote miwili juu ya cherehani, akaigeuza mbele na nyuma, Delphin aione. Kisha akamwambia kwa Kiingereza safi, kama Mwalimu alivyofundisha, kwamba mikono yake imefungwa.

Delphin alielewa mara moja. Akaaga kwa adabu, akavuka barabara mpaka kwa fundi wa pili, na Ijumaa jozi arobaini zilikuwa tayari.