Mstari wa Nne

Mimi ni mwalimu wa fizikia, na watoto wananiita Kisirani. Wananiita hivyo mgongoni, nami najifanya kiziwi. Nilishastaafu, lakini niliomba mkataba wa mwaka mmoja mmoja, maana kukaa nyumbani peke yangu kunaniua. Marehemu mke wangu alikuwa mtunza maabara wa shule hii hii. Enzi hizo yeye anachungulia kwenye kifaa cha kutenganisha rangi za mwanga, mimi naandika, kisha tunabishana mpaka kengele ilie. Mtoto hatukujaliwa. Siku hizi nabishana na redio.

Mkuu wa shule alikuwa keshanionya: nikilalamikiwa tena na mzazi yeyote, mkataba ndiyo basi. Asubuhi ile tulifunga mapazia ya maabara, nikawasha mrija wa kioo wenye gesi ya hidrojeni. Ukawaka rangi ya waridi. Nikawaeleza kwamba umeme unaipandisha elektroni ya atomu ngazi ya juu, nayo haikai huko; inashuka, na ikishuka inatoa mwanga. Katikati ya ngazi na ngazi haisimami, hata uibembeleze vipi. Ndiyo maana mwanga ule, ukipita kwenye kifaa cha kutenganisha rangi, hautoi rangi zote za upinde wa mvua. Unatoa mistari michache tu, na kila mstari unakuambia elektroni imeshuka kutoka ngazi ipi.

"Haya, chungulieni, mchore mnachokiona. Mnachokiona, si mnachokijua!"

Kasuku, binti anayekariri vitabu mpaka namba za kurasa, akaniletea mchoro wenye mistari minne. Nikachungulia mwenyewe. Mwekundu, upo. Wa samawati, upo. Wa buluu nzito, upo kwa mbali. Baada ya hapo, giza tupu.

"Huu wa zambarau umeutoa wapi?"

"Nimeuona, mwalimu."

"Umeuona kitabuni! Unanifanya mimi mtoto mwenzio?"

Damu ilinichemka. Mstari ule sikuwa nimeuona tangu nianze kuandaa somo peke yangu, na nilikuwa na hakika kwamba mrija umechoka. Nikamwambia anapata sifuri, na jaribio lile linaingia kwenye matokeo yake ya mwisho. Akalia, masikini, lakini hakufuta kitu.

"Haki ya Mungu, mwalimu, upo!"

Akageuza mkono wa kifaa mpaka mstari wake ukakaa katikati, nikasoma kipimo pembeni. Kisha nikausogeza mkono ule mbali makusudi, nikamwita Mzembe, kijana ambaye kitabu cha fizikia hakijui hata jalada.

"Tafuta rangi ya mwisho kabisa."

Akahangaika kidogo. "Hii zambarau? Lo, mwalimu, kumbe nzuri hivi!"

Kipimo kikasoma pale pale. Nikawaita wengine wawili, nao wakaniletea namba ile ile. Nikakaa. Elektroni ilikuwa inashuka kutoka ngazi ya sita hadi ya pili, kama ilivyoshuka siku zote. Mrija ulikuwa mzima. Kibovu kilikuwa jicho langu.

Ningeweza kusema kifaa kina matatizo, niwape wote alama, yaishe, nami nibaki na darasa langu. Nikisema kweli, watoto watawasimulia wazazi, na mkuu ananirudisha nyumbani kabla ya wiki kwisha. Niliogopa, sifichi. Kasuku alikuwa bado amesimama mbele yangu, mchoro mkononi, anasubiri sifuri yake.

"Futa machozi, mwanangu. Mchoro wako ni sahihi. Mstari upo. Mimi ndiye siuoni."

Hata Mzembe hakucheka.

"Tangu lini, mwalimu?" Kasuku akauliza, kwa upole ambao sikustahili.



"Sijui," nikasema. "Sikuwa na mtu wa kuniambia."