Kompyuta ya Kuangaliwa

Kaka yangu hawezi kutofautisha bluu na zambarau hata umshike kichwa umwelekeze, lakini ndiye mwenye duka la uchapaji. Mlangoni kwake ameandika MKURUGENZI kwa herufi za dhahabu, nilizozipanga mimi mwenyewe kwa mikono yangu, na tangu siku hiyo hataki kuitwa kwa jina lingine hata na mkewe. Duka lenyewe lina vyumba viwili na choo. Chumba cha mbele kina meza ya mapokezi, anapokaa wifi yangu na kucha zake. Cha nyuma kina mashine ya kuchapa, maboksi ya karatasi, na mimi.

Mimi ni msanifu. Katika duka letu msanifu hukaa kwenye kompyuta, mteja naye akakaa kando yake, goti kwa goti, akielekeza. Nisogezee pale. Ongeza maua. Nipunguze tumbo. Utaratibu huo aliuanzisha kaka. Anasema mteja akishaona kwa macho yake hawezi kuja kulalamika baadaye. Akisema "hapo hapo", inachapwa. Hivyo ndivyo ujana wangu ulivyoishia kwenye mabango ya harusi na matangazo ya magodoro, chini ya amri za watu ambao ukimpa mmoja wao rangi tatu achague, atazichukua zote.

Kisha akaja Mama Vitabu. Jina hilo nilimpa mimi, kwa heshima, na heshima yangu si kitu ninachogawa ovyo. Alikuwa anatoa vitabu vya picha vya watoto, na alituletea cha kwanza: ndege waliochorwa kwa mkono na mchoraji anayejua kazi, kila unyoya mahali pake. Alitaka nakala za mfano za kuwaonyesha walimu wakuu katika mkutano wao, ambako wangechagua vitabu vya shule zao. Wakikipenda, alisema, vingefuata vingine vya wanyama, samaki na wadudu, na vyote ningevipanga mimi. Niliitaka kazi ile mpaka nikawa naiota. Nilitaka kuamka asubuhi nikijua siku hiyo sitapunguza tumbo la mtu.

Tatizo lilikuwa kompyuta. Picha za ndege zilikuwa nzito, na mashine yetu ilikuwa ya enzi ambazo kaka alikuwa bado ana nywele. Nikifungua ukurasa mmoja, naweza kwenda kuosha vikombe nikarudi nikakuta bado inajikokota.

"Kaka, hii imechoka. Tunahitaji kompyuta yenye nguvu, ya mezani, ya kazi hasa."

"Twende kesho," akasema.

Alikubali upesi mno. Pale pale ningepaswa kujua kuna jambo.

Dukani nilikwenda na flashi yangu yenye ukurasa wa heroe, yule ndege mrefu wa rangi ya waridi, amesimama majini kwenye nyasi. Mimi kompyuta siichagui kwa kuelezwa. Nafungua ukurasa mzito, nasogea mpaka kwenye jicho la ndege, napaka mstari mmoja kwa brashi, na naangalia kama brashi inaufuata mkono wangu au inafikiria kwanza. Muuzaji, mtu wa tai na meno mengi, alikuwa ananisomea namba kama mtu anayesoma majina ya waliofaulu. Nikamwacha asome.

Niliyoipata ilikuwa kwenye kona, sanduku jeusi, zito, halina hata taa ya maana. Ukurasa ulifunguka kabla sijakaa vizuri. Brashi ilikwenda na mkono wangu kama penseli kwenye karatasi. Ramu ilikuwa ya kutosha na kusaza, kadi ya grafiki ilikuwa ya watu wa kazi, na skrini yake ilikuwa imetulia, haipambi kitu. Rangi unayoiona pale ndiyo utakayoikuta kwenye karatasi. Nilikuwa tayari kuibeba mgongoni.

"Ndiyo hii," nikasema.

Kaka akaizunguka. Akaigonga kwa kidole. Akaizunguka tena.

"Hii?" akasema. "Sasa mteja atajuaje kama ina nguvu?"

Naapa hayo ndiyo maneno yake. Muuzaji akaona mlango umefunguka, akaingia na miguu yote miwili. "Bosi, kama ni hivyo, njoo huku uone mashine inayotesa."

Ile nyingine ilikuwa na ubavu wa kioo. Ndani yake feni zilizunguka zikiwaka nyekundu, kijani, bluu, halafu nyekundu tena. Skrini ilikuwa pana kama mlango na imepinda, na inang'aa hata ukijiangalia unaona umependeza. Nikachomeka flashi. Ukurasa ulifunguka, ndiyo, lakini nilipopaka mstari brashi ilikwenda, ikasimama, ikaruka. Na yule heroe wangu aliwaka kama peremende.

"Kaka, ramu yake ndogo. Walichoweka hapa ni taa. Na skrini inatia chumvi. Pinki hii hakuna wino unaoifikia."

"Umeona alivyowaka lakini?"

"Nimeona. Ndiyo shida yenyewe."

"Wewe unafikiri kama fundi, dada. Mimi nafikiri kama mkurugenzi."

Muuzaji akacheka mpaka tai ikamhama. Nikawaangalia, wanaume wawili wazima wenye ndevu, wanazikodolea macho feni. Nikachomoa flashi yangu. Ukibishana na watu wa aina ile unawapa heshima wasiyoijua pa kuiweka.

Kompyuta ikawekwa chumba cha mbele, ubavu wa kioo ukiangalia mtaani. Wapita njia walikuwa wanasimama, wanachungulia, wanaguswa mioyo. Kaka alitembea siku nzima amevimba. Wifi aligundua kwamba taa zinaweza kubadilishwa.

"Wifi, ona, nimeweka zambarau. Zinaendana na kucha zangu."

"Naona, wifi. Sasa tumefika mbali."

Hakuelewa kama namcheka. Huwa haelewi, na hiyo ni raha yangu ndogo ya kila siku.

Kazi ya kitabu niliamriwa niifanyie pale mbele, watu wakiniangalia. Mashine ilikuwa inakwama nikishika kurasa mbili kwa pamoja, taa zikiendelea kucheza ngoma. Lakini mimi najua kazi yangu. Asubuhi moja waliyochelewa kufika, nilirudi nyuma kwenye ile ya zamani, nikaufungua ukurasa wa heroe na kuutengeneza kama inavyotakiwa. Huwezi kuilazimisha karatasi iwake. Unachoweza ni kupoza majirani: nikayafifisha maji, nikaziteremsha nyasi, kila kitu kikanyamaza, na yule ndege akasimama peke yake. Ukurasa huo mmoja ulinila asubuhi nzima, na kompyuta ilizimika mara kadhaa nikiitazama. Nikauchapa kwenye mashine yetu, kwenye karatasi ile ile ya kitabu. Ulikuwa mzuri mpaka nikausogeza dirishani nikautazama upya.

Sikumwonyesha mtu. Niliuweka chini ya mkeka wa kukatia karatasi, na nilijua kabisa kwa nini nauweka. Kurasa nyingine, pamoja na yule heroe wa kule mbele, nikaziacha kama zilivyowaka.

Siku ya kuidhinisha, Mama Vitabu alikuja na miwani yake na mkoba wake wa kitambaa. Kaka hakuniachia kiti. Alikaa yeye kwenye kompyuta, akabonyeza vitu asivyovijua, na kwa bahati tu ukurasa wa heroe ukafunguka, ule wa peremende, umejaa skrini yote.

Mama Vitabu akapiga makofi. Mtu mzima, mwenye akili, mtoa vitabu, akapiga makofi.

"Pinki hii hii! Jamani, msiiguse!"

Ile heshima yangu niliyompa nikaichukua palepale. Kumbe na yeye ni wa kundi lile lile la kuangalia taa.

"Kwenye karatasi itapoa," nikasema.

"Dada yangu huyu amezaliwa na wasiwasi," kaka akasema, na wifi akacheka kwa kumsaidia mumewe.

Mama Vitabu hakucheka. Aligeuka akanitazama mimi. "Itapoa sana, au kidogo?"

Nikawaangalia wote watatu, nyuso zao zikigeuka nyekundu, kijani, bluu. Kaka ameshajipiga kifua mbele ya mtaa mzima. Wifi na kucha zake. Na huyu na makofi yake. Nikasema moyoni, waache wajionee.

"Kidogo," nikasema.

"Basi hapo hapo."

Tukachapa. Kusema kweli niliifurahia kazi ile. Nilikuwa nalisha karatasi huku naimba. Heroe wakatoka mmoja baada ya mwingine, rangi ya kuku aliyenyonyolewa, kwenye maji ya matope na nyasi za ukoka uliokauka. Kaka alipopita akachungulia, akauliza, "Ndivyo inavyotakiwa?" Nikamwambia wino haujakauka. Akaridhika akaenda zake.

Mama Vitabu alikuja kuzichukua siku moja kabla ya mkutano wa walimu. Alifungua boksi, akatoa nakala moja, akaifungua, akatoa nyingine, akaifungua. Kaka ndiye aliyesema. Alianza na karatasi, kwamba siku hizi hazina ubora. Akahamia kwenye wino. Akagusia na unyevunyevu wa hewa. Alipoona zote hazimfikishi, akanigeukia.

"Kwani kompyuta si dada aliyeichagua? Tulikwenda naye. Yeye ndiye mtaalamu."

Hilo ndilo nililokuwa nalingojea. Nilikwenda chumba cha nyuma taratibu, bila haraka yoyote, nikainua mkeka, nikarudi na karatasi yangu, nikailaza juu ya boksi.

"Ingekuwa hivi," nikasema.

Mama Vitabu akaichukua, akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga wa jua. Aliiangalia sana. Niliona mabega yake yakishuka, na uso ukilainika kama wa mtu aliyeonyeshwa picha ya mjukuu. Kaka alikuwa ameanza kuzipanga upya nakala ndani ya boksi. Wifi hakuwa na pa kuziweka kucha zake. Sitasema uongo, nilijisikia utamu mpaka kwenye meno.

"Ni nzuri sana hii," Mama Vitabu akasema. "Umeifanya leo?"

"Hapana, mama. Niliifanya kwenye ile kompyuta ya zamani. Zamani kidogo."

"Lini?"

"Kabla hujaja kuidhinisha."

Akavua miwani. "Siku ile nimekaa hapa, hii ilikuwepo?"

Utamu ukanitoka. "Ilikuwepo."

"Wapi?"

Nikaelekeza kidole chumba cha nyuma. Akaangalia kule, mlango wenyewe uko wazi, mashine inaonekana, meza inaonekana, na mkeka juu yake.

"Nilikuuliza, mwanangu," akasema. "Siku ile nilikuuliza wewe. Sikumuuliza yeye."

"Mama, naweza kuanza sasa hivi. Nitatengeneza kurasa zote. Nitafanya—"

"Mkutano ni kesho asubuhi. Utazimaliza?"

Nilijua jibu, na yeye aliliona usoni kwangu. Kuna kazi moja tu maishani niliyoitaka kwa moyo wote, na ilikuwa imesimama mbele yangu, ikifuta miwani kwa ncha ya nguo. Nilitaka kumwambia kuhusu lile sanduku jeusi kule dukani, jinsi brashi ilivyoufuata mkono wangu.

Akairudisha karatasi yangu juu ya boksi, taratibu, kama kitu cha mtu mwingine. Kaka akajikohoza.

"Mama, wateja wengine wakiona hii mashine—"

"Wewe hujui," akamwambia, bila hasira yoyote. "Asiyejua hanisumbui, nimewazoea." Kisha akanielekea mimi. "Lakini wewe unajua."

Akachukua mkoba wake, akatoka. Boksi aliliacha. Wifi akasimama akaurudishia mlango polepole, halafu akageuka akaniangalia kuanzia juu mpaka chini. Jicho lile nalifahamu vizuri. Ndilo ninalowaangalia wao kila siku.