Simu Iliyowaunganisha Akina Kambale

Mwaka ule Germaine alijifunza simu tatu, na zote zilikuwa ile ile moja. Kila alipoizoea, ililala na sura hii ikaamka na nyingine: alama ya kupigia imehamia juu, ujumbe umejificha. Asubuhi hiyo ilimwuliza kwa Kifaransa kama iunganishe majina yanayofanana. Alikuwa anampimia mteja maharagwe. Mtu akikuuliza kwa adabu unamjibu ndiyo, akabonyeza *Oui*.

Mchana ikalia, namba ngeni. Alikuwa mdogo wake Kambale, kutoka Goma.

"Yaya, dada yangu, mabomu inakaribia. Batu bote banakimbia. Mama anakatala kutoka. Anasema mutoto mukubwa ndiye atasema, mie ni nani? Hii simu ni ya kuomba. Piga kwa yangu, mbio, réseau ya simu inakuja na kupotea."

Ikakatika.

Sasa, kwa Wanande, kabila lao, mvulana wa pili ni Kambale, atake asitake. Germaine, muuzaji wa jumla katika soko la mtaa wa Kenya, Lubumbashi, alikuwa nao wengi kama magunia. Hakuwaandikia jina jingine. Aliwatambua kwa picha: huyu lori, huyu msalaba, mdogo wake koti la harusi. Sasa, baada ya ile *Oui* ya asubuhi, alimkuta Kambale mmoja tu, picha ya jogoo, na chini yake mkia wa namba za wote.

"Jogoo ni ya nani?" aliuliza Clotilde, jirani yake muuza unga.

"Ya muuza kuku."

"Basi simu imemuchagua yeye chef, mukubwa wa ukoo yenu." Clotilde alicheka peke yake, akaacha. "Piga zote, mama. Bateja bako nitabapimia."

Namba ya kwanza ilikuwa ya dereva wake wa lori. "Patronne, hata unipigie kila dakika, niko Mokambo kwa mpaka, douane haiyafungua."

"Si wewe."

Ya pili, Kambale wa kwaya. Kusikia Goma, akaanza kuomba, na maombi hayakatwi. Germaine alihama mguu huu na ule mpaka yule bwana akaliombea na duka. Ya tatu haikupatikana. Je, ndiye? Kidole kilimlowa jasho, kioo kikakikataa. Akakifuta kwenye kitenge, akabonyeza, kamera ikafunguka: uso wake mwenyewe, macho yametoka.

"Ondoka hapo," akauambia.

Muuza kuku alimwuliza anataka jogoo wangapi. Akapiga nyingine.

"Yaya." Nyuma ya sauti, milio ya mabomu.

"Mupe mama."

Mama alizungumza taratibu, kama aliyeketi. "Nyumba hii baba yako aliijenga."

"Najua, mama. Toka."

"Ni wewe unasema?"

"Ni mie nasema."

Kiti kilikwaruza sakafu. Kisha, mbali kidogo na simu: "Kambale, beba sufuria kubwa. Hapana, ile nyingine."

Germaine hakukata. Aliishika simu sikioni kwa mikono miwili, akiogopa kidole kisiguse chochote.

"Banatoka?" Clotilde alinong'ona.

Akatikisa kichwa kukubali. Alisikia mlango, kisha kandambili za watu wengi, kisha mama akimsalimu mtu njiani na kumlaumu Kambale kwamba anakimbia. Halafu hakusikia kitu. Alibaki amesimama vilevile, simu sikioni, wateja wakimzunguka.